Jibu: wimbo "Ho Hey" wa bendi ya The Lumineers, mwendo na ufunguo

Ndugu, umeuliza mbona programu moja inakuambia "Ho Hey" ina mapigo 80 kwa dakika na nyingine 160. Zote zinasema kitu kimoja, ila hiyo ya pili inahesabu maradufu. Mimi hupiga nikihesabu 80, mguu chini taratibu.

Ufunguo ni C meja, mapigo manne kila bari (kipande kimoja cha mwendo). Ukizoea solfa za kwaya, do ni C. Beti karibu zote zinakaa kwenye kodi ya C (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), na F inapita kidogo tu. Kiitikio ndicho kitamu: kinaanzia Am (A maina), kinashuka G, halafu kinarudi nyumbani C. Ile Am ndiyo inayokupa majonzi wakati ufunguo wenyewe ni wa furaha.

Gitaa la kawaida linatosha, kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa, ya nini? Ila usisahau makelele: "ho" na "hey" huitwa kwa sauti za kundi kati ya mistari, pamoja na makofi na vishindo vya miguu. Wimbo wa 2012 huo, lakini ukiupiga bila ya vishindo unapoa kabisa. Tafuta wenzako wawili wakupokee.