Mbegu za mkrismasi zimegoma kuota, nifanyeje?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Morogoro. Niliokota maganda ya mkrismasi chini ya mti wa jirani, nikapanda mbegu kama 30 kwenye viriba. Namwagilia asubuhi na jioni. Huu ni mwezi wa pili na zilizoota ni mbili tu. Nimefukua chache, nimezikuta ngumu vilevile kama nilivyozipanda. Je, mbegu ni mbovu? Au nikate matawi nichomeke? Nataka mti wa kivuli karibu na ukuta wa jikoni.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usizitupe mbegu hizo, maana kuna kila dalili kwamba ni nzima. Mbegu iliyoharibika ikikaa kwenye udongo wenye maji muda wote huo kwa kawaida huoza, ukiibonyeza inabonyea. Zako zimebaki ngumu kwa sababu maji hayajaingia ndani.

Asili ya mkrismasi ni Madagaska, kwenye misitu yenye kiangazi kirefu. Mbegu yake imevikwa ganda gumu lisilopitisha maji, ili isiote kwa manyunyu ya siku moja kisha mche ukafa kwa ukame. Porini ganda hilo hulegezwa taratibu na jua, mvua na wadudu, na kazi hiyo huweza kuchukua miezi mingi. Nyumbani inabidi uifanye wewe.

Kwa mbegu chache kama zako, mimi napendelea kukwangua. Fukua zote, zioshe, zikaushe kwa kitambaa. Ishike mbegu moja moja na uisugue ubavuni kwa msasa au tupa mpaka rangi ya kahawia iishe na uone weupe kidogo. Hapo hapo acha, usiendelee kuchimba. Mkasi wa kucha nao unafaa, ukimega kipande kidogo sana cha ganda. Epuka ncha yenye kovu, pale mbegu iliposhikana na ganda la tunda, kwa sababu kiini cha mche kiko upande huo. Kisha ziloweke kwenye maji ya kawaida usiku kucha.

Asubuhi zitazame kwa makini, kwani hapa ndipo wengi wanaporuka hatua. Mbegu iliyokunywa maji huvimba waziwazi, ganda lake hulainika, na ukiipapasa inateleza kama ina ute. Hiyo ipande siku hiyohiyo. Iliyobaki nyembamba na ngumu bado haijafunguka. Ikwangue tena kidogo, uirudishe kwenye maji. Usipande mbegu ambayo haijavimba, utakuwa unamwagilia jiwe.

Ukiwa na mbegu nyingi, tumia maji ya moto. Chemsha maji, yaepue, ndipo utumbukize mbegu na kuziacha humo mpaka maji yapoe, hadi kesho yake. Usizichemshe juu ya moto, zitaiva. Hata kwa njia hii baadhi hazitavimba, kwa hiyo zichambue vilevile.

Panda mbegu moja kwa kila kiriba, kina cha sentimita 2 hivi, kwenye udongo mwepesi: udongo wa juu uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza vizuri. Mbegu iliyovimba huanza kuchomoza ndani ya wiki moja au mbili. Na hapo upunguze maji, mwanangu. Kumwagilia asubuhi na jioni bila kugusa udongo kwanza ndiko kunakoleta kinyausi: shina la mche hunyong'onyea usawa wa udongo na mche unalala. Mwagilia pale udongo wa juu unapoanza kukauka. Kivuli chepesi kinatosha kwa wiki za mwanzo, kisha izoeshe jua taratibu. Viriba visogeze kila baada ya wiki mbili hivi, la sivyo mizizi itatoboa chini na kujishika ardhini, na siku ya kuhamisha utaikata.

Kuhusu matawi, yanaweza kushika, lakini mengi huoza kabla ya kutoa mizizi. Kwa mti huu sioni sababu ya kuhangaika nayo wakati mbegu unazo. Faida ya tawi ni kwamba maua yatafanana na ya mti mama, ilhali miche ya mbegu huweza kutofautiana, mmoja mwekundu sana na mwingine wa rangi ya chungwa.

Ila ukuta wa jikoni, hapana. Mkrismasi hutandaza mizizi mikubwa juujuu ya ardhi, nayo huinua sakafu, hupasua kuta nyepesi na kuingilia mabomba na mashimo ya maji taka. Matawi yake pia hukatika upesi kwenye upepo mkali. Upe mita 10 kutoka kwenye nyumba. Kama kiwanja hakina nafasi hiyo, tafuta mti mwingine wa kivuli na hii miche wape shule au msikiti wenye uwanja mpana.

Mche ukifika sentimita 30 au zaidi, uhamishe mvua za masika zikishakolea, kwenye shimo la sentimita 60 kwa 60. Morogoro mchwa hawachezi mbali, kwa hiyo usirundike nyasi kavu zikagusa shina. Maua usiyatarajie mapema: mti wa mbegu huchukua miaka minne au mitano, na mara nyingine zaidi.