Presha, vikombe vya chai na kushuka Buxton: yaliyonifaa mimi

Ndugu uliyeuliza: una miaka 41, umepimwa presha ukaambiwa 150 kwa 95, pesa ya jimu huna, na kazi yako ni ya kukaa kutwa. Wataka kujua uanzie wapi. Miaka minne iliyopita nilikuwa papo hapo ulipo. Nauza vipuri Mwembe Tayari, hapa Mombasa, nyumbani ni Kisauni, na udaktari sikusomea. Nakupa yangu tu.

Kabla wasiwasi haujakumaliza, pima tena. Mara ya kwanza mimi nilipimwa nimetoka kupanda ngazi, kahawa iko tumboni, na mdomo haujafunga kwa kubishana na aliyenipita kwenye foleni. Keti kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini, mkono umetulia juu ya meza usawa wa moyo, na kahawa iwe imepita nusu saa. Kisha rudia siku nyingine. Yangu hata baada ya kutulia haikushuka chini ya 140 kwa 90, nikaandikiwa vidonge. Sukari nayo ilikuwa yaanza kupanda.

Ukishasema una presha, kila mtu ni tabibu. Huyu mlonge, yule kitunguu saumu, jirani ana mizizi yake kwenye chupa ya soda. Mimi nilishajiamulia kwamba adui ni biriani. Mke wangu ndiye aliyenifumbua macho. Asubuhi moja aliweka mezani kibakuli kitupu na kopo la sukari, akaniambia, "Haya baba watoto, tuhesabu chai zako." Ya asubuhi na mahamri, vijiko vitatu. Ya saa nne dukani, vitatu. Ya mchana akija mgeni, vitatu. Ya alasiri, ya magharibi, na ile ya kusindikizia usingizi. Anataja huku achota. Vijiko 18, kibakuli cha achari kimejaa pomoni, nami nimekikodolea macho kama si changu.

Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, kwa hivyo pale palikuwa na gramu 72. Shirika la Afya Duniani lashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula, yaani kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikishuka hadi 25 ndiyo bora zaidi. Mimi nilikuwa nimeshavuka na bado sijagusa soda wala kaimati. Tena biriani naila Ijumaa kwa Ijumaa. Chai ni kila siku, mara sita.

Sikuiacha chai, ningegombana na ulimwengu mzima. Vitatu vikawa viwili kwa wiki kadhaa, kisha kimoja, na tangawizi na iliki nikazidisha. Siku hizi nikipewa chai ya harusini naiona shira.

Chumvi nayo, kiwango ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hicho ni cha vyote ulivyokula. Sisi watu wa Pwani tunaila pasipo kujua: achari, papa mkavu, mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa pilipili na chumvi. Papa kwetu sasa hulala majini usiku kucha na maji humwagwa mara mbili kabla hajaingia kwenye nazi. Kikopo cha chumvi kimeondolewa mezani, ukikitaka inuka ukakifuate jikoni. Utashangaa uvivu unavyosaidia.

Mazoezi nilianza vibaya. Nilinunua raba, nikawa nakimbia baada ya alfajiri. Siku ya tisa goti likakataa. Kilichodumu ni hiki: matatu ikishavuka daraja la Nyali nashuka Buxton, naenda kwa miguu hadi dukani. Kwa mwendo wangu ni kama dakika 20. Jioni narudi hivyo hivyo hadi Buxton, ndipo nipande. Siku sita kwa wiki hizo ni dakika 240, na mtu mzima ashauriwa angalau 150 za mwendo wa kukaza. Kazini lazima niende, kwa hivyo hakuna siku ya kujadiliana na nafsi. Mwezi wa Februari, joto la kaskazi likipamba, nabeba shati la pili kwenye mfuko na chupa ya maji. Wateja wamezoea kunikuta nabadilisha nyuma ya kaunta.

Kutembea Mama Ngina jioni pia kuzuri, ila jihadhari. Waenda kupunga upepo wa bahari, warudi umekula mihogo na kachri za shilingi mia mbili. Mimi hunywa dafu nikaondoka haraka.

Sasa kosa langu, na hili lisome mara mbili. Baada ya miezi saba namba zilitulia, nikajiona nimepona, vidonge nikaviacha bila kumuuliza mtu. Wiki chache baadaye, niko foleni ya feri ya Likoni naenda kuhani msiba, kichwa kikaanza kugonga kisogoni, macho yakafanya ukungu. Zahanati niliyokimbilia walinipima: 178 kwa 106. Muuguzi aliniuliza swali moja tu, "Dawa uliacha lini?" Namba zilikuwa zimetulia kwa sababu ya vidonge pamoja na hayo mengine. Dozi ikipunguzwa, apunguze daktari. Na Ramadhani ikikaribia, mwone kabla hujafunga, hasa kama sukari nayo iko juu.

Usingizi ndio bado wanishinda. Baraza letu hukaa hadi saa tano usiku na buli la kahawa tungu halikauki. Nimefika mahali pa kukataa kikombe baada ya isha, wananicheka, nakaa nao na kashata moja mkononi. Kashata nayo ni sukari, najua.

Ijumaa sijaigusa. Biriani iko pale pale, na mbatata zake.