Maswali Yenu: Masanduku ya Babu, Skana, na Jengo Linalotaka Kubomolewa

Mhariri habari za kazi. Babu yetu alikuwa msimamizi wa ujenzi, ametangulia mbele ya haki na katuachia masanduku kadhaa ya chuma, ndani kuna ramani za majengo, barua, risiti, picha, negativu na daftari za mahudhurio ya vibarua. Binamu yangu kashaanza kuzipanga upya kwa aina na kwa mwaka, na anasema risiti tuchome tubaki na picha na ramani tu maana ndo vitu vya maana. Mi roho inasita. Tufanyeje? – Mjukuu wa Fundi

Mjukuu, pole kwa msiba, na tafadhali mwambie binamu yako asimame hapohapo alipofika. Najua anafanya kwa nia nzuri lakini hiyo kazi ya kupanga upya kwa aina na kwa mwaka ndo inayoua nyaraka za watu wengi kuliko hata mchwa. Watu wa nyaraka wana kanuni ya zamani, Ufaransa waliiweka kwenye waraka wa serikali mwaka 1841, kwamba karatasi zilizotoka kwa mtu mmoja au ofisi moja zikae pamoja zisichanganywe na za wengine, na baadae ikaja nyingine kwamba ule mpangilio aliouacha mwenyewe usivurugwe, hata kama kwako unaonekana ni fujo tupu.

Chukulia bahasha moja tu. Ndani kuna risiti ya chokaa na misumari, barua ya mwenye nyumba analalamika ukuta unavujisha maji, na picha mbili za ukuta ambazo nyuma hazijaandikwa kitu. Zikiwa pamoja unajua picha ni za nyumba ya nani, lini, na ule ukuta ulifumuliwa kwa sababu gani. Sasa peleka risiti kwenye risiti, barua kwenye barua, picha kwenye picha, umebaki na nini? Picha za ukuta fulani, basi.

Na hizo risiti anazotaka kuchoma ndo kwanza mafundi wa kukarabati majengo ya zamani wanazililia, maana zinasema kilichotumika. Ukuta uliojengwa kwa udongo wa chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka, halafu anakuja fundi wa leo hajui historia yake anaupiga plasta ya saruji ngumu, unyevu unakosa pa kutokea unapitia kwenye tofali zenyewe, na baada ya muda tofali zinaanza kumong'onyoka huku saruji imebaki nzima inakuangalia. Risiti ya magunia ya chokaa ingezuia hayo yote. Daftari za vibarua nazo usizidharau, majina ya waliobeba zege hayapo kwenye jiwe la msingi, yapo humo tu.

Kwa hiyo kabla hujatoa kitu piga picha kila sanduku lilivyo, tabaka kwa tabaka, kisha andika kwa penseli (sio kalamu ya wino) kwenye foda na sio kwenye karatasi yenyewe, sanduku la ngapi na bahasha ya ngapi. Pini na klipu zenye kutu toa taratibu. Seloteipu marufuku, gundi yake inageuka njano inaingia ndani ya karatasi na haitoki kirahisi, na leminesheni ndo kabisa usithubutu, ukishapitisha joto na plastiki hapo hakuna kurudi nyuma. Kama kuna ramani zile za buluu zenye mistari myeupe zitoe kwenye mwanga haraka, zinafifia, na usizitie kwenye yale makaratasi ya kuhifadhia yaliyowekwa alkali, maana hizo ndo aina chache ambazo alkali inazidhuru.

Negativu sasa, hapa nakuomba uwe makini. Ukinusa ukasikia harufu kali ya siki, hizo ni za asetati (aina ya plastiki ya filamu) zinaoza, na asidi yake inahamia kwa majirani, zitenge. Zikiwa zinanata au zimegeuka kahawia na ni za zamani, kabla ya miaka ya 1950, inawezekana ni za naitreti, aina ya filamu ya zamani zaidi, ambayo inashika moto haraka na ikishawaka inajitengenezea oksijeni yenyewe hivyo hata kuifunika haisaidii. Hizo usikae nazo chumbani, ita wataalamu wa hifadhi ya nyaraka waje wazione. Vingine vyote weka sehemu ya baridi, kavu, hewa inapita, sio darini wala chini sakafuni.

Tumeskani nyaraka zote za jumuiya yetu, zipo kwenye hadi diski na nakala kwenye wingu. Makaratasi yanajaza stoo, tunaweza kuyatupa? – Katibu

Hapana.

Nikuulize Katibu, mliskani na nyuma ya kila picha? Watu wengi wanasahau, na huko nyuma ndiko kuna muhuri wa studio na majina ya waliosimama. Skani haikuonyeshi alama ya maji (nembo ya kiwanda inayoonekana ukiinua karatasi kwenye mwanga) wala namba iliyofutwa kwa wembe ikaandikwa nyingine juu. Kule Cologne, Ujerumani, tarehe 3 Machi 2009 jengo la hifadhi ya nyaraka za mji liliporomoka, kulikuwa na ujenzi wa reli ya chini ya ardhi karibu yake, watu wawili wakafa nyumba ya jirani na sehemu kubwa sana ya nyaraka ikafukiwa kwenye kifusi na maji. Walikuwa na mikrofilamu (nakala ndogo sana kwenye filamu) za nyaraka nyingi zimefichwa mbali, na zilisaidia sana, lakini hakuna aliyesema basi tuache kifusi tunayo nakala, walichimbua karatasi, zilizolowa wakazigandisha kwenye barafu ili ukungu usianze, na kazi ya kuzikarabati imechukua miaka na miaka. Skani ni ya kuzipunguzia karatasi kushikwashikwa, na kuwafikia watu walio mbali. Mkiwa na faili hakikisheni zina majina yanayoeleweka, maana IMG_0047 baada ya miaka kumi hata aliyeskani hajui ni nini.

Kuna jengo mtaani kwetu linataka kubomolewa, tunasema ni la kihistoria, mwenye kiwanja anasema ni gofu tu na hakuna ushahidi wa umri wake. Tuanzie wapi? – Tunaopinga

Msianzie kwenye hotuba, anzieni kwenye daftari za kodi ya majengo na hati za ardhi. Kodi ikipanda ghafla mwaka fulani mara nyingi kuna kitu kimejengwa. Kisha tafuteni picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, vibali vya ujenzi, matangazo kwenye magazeti ya zamani, na ramani za kampuni za bima. Hizi za bima watu hawazifikirii kabisa! Marekani kampuni ya Sanborn iliyoanza 1867 ilichora miji kwa miji ili bima ijue hatari ya moto, kwenye ramani jengo la tofali likapakwa pinki, la mbao njano, la mawe buluu, leo mtu anakaa anaona nyumba ilikuwa ya mbao toleo hili, toleo linalofuata imekuwa ya tofali.

Na msidharau michoro ya wanafunzi. Mji Mkongwe wa Warsaw, Poland, ulipigwa ukabaki vifusi mwaka 1944, na waliujenga upya wakitumia vipimo vilivyochorwa na wanafunzi na walimu wa usanifu, vikafichwa wakati wa vita kwenye monasteri. Walitumia pia picha zilizochorwa kwa rangi na Bellotto, mchoraji wa Kiitaliano wa karne ya 18, ingawa huyo bwana alikuwa akijisikia anapamba kidogo, kwa hiyo mchoro wa msanii linganisheni na kitu kingine kabla ya kuupeleka kwenye kikao. Hati ya Venice ya 1964, kanuni za kimataifa za kutunza majengo ya kihistoria, inasema ukarabati uishie pale kubahatisha kunapoanza, na mwenye kiwanja akiwa na wakili mzuri atawabana hapohapo.

Lazima nivae glavu nyeupe nikishika karatasi za zamani? – Msomaji

Za pamba hapana, zinakuondolea hisia vidoleni unaishia kuchana karatasi. Nawa mikono, kausha vizuri, usipake losheni. Kwa picha na negativu ndo vaa, za naitrili (aina ya mpira).