Vifaa viwili, anwani moja: kwa anayeanza kutunza mitandao ya nyumbani

Ukiitwa kwa sababu "intaneti inakuja na kupotea", mkono utakimbilia kitufe cha kuzimia ruta. Usubirishe. Kuzima ruta mara nyingi huondoa dalili kwa saa chache, lakini hufuta pia ushahidi. Tena ruta nyingi ndogo hutunza orodha ya anwani za IP (namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni) zilizogawiwa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, wakati simu na kompyuta bado zimeshikilia anwani zilizopewa. Ruta ikiwaka inagawa upya bila kujua nani ana nini. Zipo zinazopiga ping kwanza kuona kama anwani ina mwenyewe, ila laptopu iliyolala haijibu, basi anwani yake inapewa kifaa kingine. Ikiamka, wako wawili.

Mgongano wenyewe ni huo: vifaa viwili kwenye mtandao mmoja vinadai anwani moja ya IP, tuseme 192.168.1.50. Kifaa kinachotaka kutuma data humo ndani huuliza kwa ARP, "nani ana 192.168.1.50?", na mwenye nayo hujibu kwa kutaja anwani yake ya MAC, yaani namba ya kadi yake ya mtandao. Wakijibu wawili, muulizaji anashika jibu moja, na baadaye kidogo anaweza kushika la mwingine. Kwa hiyo dalili yake ni kupokezana. Printa inachapa, dakika mbili baadaye haionekani, kisha inarudi bila mtu kuigusa. Kifaa kilichokufa moja kwa moja tangu asubuhi, anza na kebo. Na kinachoonyesha anwani inayoanza na 169.254, kwa kawaida hakikupata jibu la DHCP, yaani huduma ya ruta ya kugawa anwani. Angalia kwanza kama ruta imeishiwa anwani za kugawa.

Dalili moja huwachanganya wengi: baadhi ya tovuti zinafunguka vizuri na nyingine zinakwama. Kama nyumba ina IPv6 (mfumo mpya wa anwani), tovuti zinazoitumia hupita huko, na mgongano wa IPv4, yaani wa anwani za zamani kama 192.168.1.50, haziuhisi.

Uchunguzi ufanyie kwenye kompyuta ya tatu, isiyo miongoni mwa zinazogombana. Piga ping 192.168.1.50, halafu andika arp -a kwenye Windows au macOS, au ip neigh kwenye Linux, na unakili MAC inayotokea mbele ya anwani hiyo. Ifute anwani hiyo kwenye orodha kwa arp -d 192.168.1.50 ukiwa na haki za msimamizi, piga ping tena, soma tena. Rudia mara tano au sita. Ukiona MAC mbili tofauti, umeshapata jibu. Ping isipojibiwa usikate tamaa, maana kompyuta nyingi za Windows zimewekwa zisijibu ping. ARP zinaijibu hata hivyo, na MAC itatokea kwenye orodha.

Mwenye Linux ana njia fupi, kwa arping ya kifurushi cha iputils: sudo arping -b -c 5 -I wlan0 192.168.1.50, ukiweka jina la kadi yako ya mtandao badala ya wlan0. Hiyo -b usiiache. Bila hiyo, jibu la kwanza likishaingia programu huendelea kuongea na aliyejibu peke yake, nawe utaondoka ukiamini hakuna mgongano. Kwenye kompyuta ya Windows iliyo miongoni mwa zinazogombana, tazama kumbukumbu za mfumo (Event Viewer), tukio namba 4199 la Tcpip: hutaja anwani inayogombaniwa pamoja na MAC ya mpinzani.

Tarakimu sita za mwanzo za MAC humtaja mtengenezaji, kwa hiyo ukizitafuta mtandaoni utajua kama unasaka kamera au televisheni. Lakini tazama tarakimu ya pili. Ikiwa ni 2, 6, A au E, hiyo si anwani ya kiwandani. Imebuniwa na programu, kama zifanyavyo simu tangu Android 10 na iOS 14. Hapo izuie MAC hiyo kwenye ruta kwa dakika chache, usikilize nani nyumbani atalalamika. Si njia ya kistaarabu, ila ni ya haraka.

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni anwani iliyoandikwa kwa mkono ndani ya fungu ambalo ruta inaligawa. Ruta inagawa .2 hadi .254, na mtu alishaiandikia printa .50. Printa ikizimwa wikendi, simu inapewa .50. Kuandika ipconfig /release na ipconfig /renew kwenye Windows, au kuzima na kuwasha Wi-Fi ya simu, kunaweza kutuliza mambo, lakini DHCP hupenda kukirudishia kifaa anwani yake ya zamani, kwa hiyo usiite hiyo dawa.

Chanzo cha pili kina madhara makubwa zaidi: ruta ya ziada iliyochomekwa ili Wi-Fi ifike chumba cha mbali. Ruta zote mbili zinagawa anwani, na mara nyingi zote mbili zinajiita 192.168.1.1. Hapo kinachogombaniwa ni lango lenyewe, yaani anwani ambayo vifaa vyote hupitia kwenda intaneti, na nyumba nzima inayumba. Linganisha ipconfig /all kwenye kompyuta mbili. Zikitaja seva tofauti za DHCP, umempata. Kurekebisha kuna mpangilio wake. Iondoe ruta ya pili mtandaoni, iunganishe na kompyuta moja tu kwa kebo, badili anwani yake iwe 192.168.1.2, ingia upya kwa anwani hiyo, ndipo uzime DHCP yake. Ukianza na DHCP, kompyuta yako inaweza kukosa anwani kabla hujamaliza kazi. Kisha unganisha tundu la LAN (la vifaa vya ndani) kwa tundu la LAN, la WAN (la upande wa intaneti) libaki wazi. Ukitaka kutumia tundu la WAN, iachie DHCP yake lakini mtandao wake wa ndani uwe mwingine, kwa mfano 192.168.2.1.

Kamera za aina moja zinaweza kutoka kiwandani zikiwa na anwani ileile: chomeka moja, ibadilishe, ndipo uchomeke ya pili. Mashine pepe (kompyuta zinazoendeshwa na programu ndani ya kompyuta nyingine) zilizonakiliwa pamoja na MAC zake ni mtihani zaidi, kwa sababu DHCP inaziona ni kifaa kimoja, na kipimo cha ARP kitakuonyesha MAC moja. Hizo zizalishie MAC mpya kwenye programu inayoziendesha.

Dawa ya kudumu ni kugawa viwanja. Kwa mtandao wenye kinyago (subnet mask) 255.255.255.0, ambao anwani zake hutofautiana sehemu ya mwisho tu: .1 ruta, .2 hadi .19 swichi na ruta za ziada, .20 hadi .99 vifaa vya kuandikiwa kwa mkono, .100 hadi .199 fungu la DHCP. Anwani 100 zinaitosha nyumba nyingi. Hata hivyo, kwa printa na kamera ni bora uziache zipokee anwani zenyewe, na kwenye ruta uifunge kila MAC na anwani yake. Siku ruta ikibadilishwa utarekebisha ukurasa mmoja, si vifaa kumi. Baadhi ya ruta hutaka anwani hizo ziwe ndani ya fungu, nyingine hukubali nje. Jaribu kuhifadhi nawe utaambiwa. Simu unayotaka kuifunga hivyo izimie kwanza MAC ya kubuni kwa mtandao huo.

Ukishapunguza fungu, vifaa vyenye anwani za zamani havitaziachia papo hapo. Muda wa kukaa na anwani mara nyingi ni saa 24, ambazo ruta nyingine huziandika sekunde 86400, na kifaa huomba kuongezewa muda huo unapofika nusu. Sasa ndipo kuzima kuna maana: zima vifaa vyote pamoja na ruta, washa ruta, ngoja iwake kabisa, washa vya anwani maalumu, halafu vilivyobaki. Kesho yake, huku printa ikiwa imezimwa, ipigie arping anwani yake. Asijibu mtu.