Alama 82 inapopewa D: ushauri kwa anayeanza kutumia if

Wanaoanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu, huniuliza sana kuhusu makosa ambayo hayastahili kuwanyima usingizi. Umesahau nukta pacha mwishoni mwa mstari wa if (yaani "kama"), umeandika = badala ya ==, hukuusogeza ndani mstari unaofuata: yote hayo Python itayakataa papo hapo na kukuonyesha mstari wenye tatizo. Ogopa zaidi makosa yanayokubalika. Programu inakimbia vizuri, hailalamiki, na jibu ni la uongo.

Mfano ninaopenda kuwapa vijana ninaowafundisha ni madaraja ya mtihani wa kidato cha nne Tanzania, kwa kuwa wanayajua vizuri: A huanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F. Wengi huandika wakianzia chini:

```
if alama >= 30:
    daraja = "D"
elif alama >= 45:
    daraja = "C"
elif alama >= 65:
    daraja = "B"
elif alama >= 75:
    daraja = "A"
else:
    daraja = "F"
```

Hapa alama 82 inapata D. Python husoma masharti kutoka juu kwenda chini. Ikikuta la kwanza lililo kweli, hutekeleza kilichomo ndani yake na kuziruka elif ("au kama") na else ("vinginevyo") zote zilizobaki. Je, 82 inafika 30? Inafika, basi kwisha habari. A haitapatikana darasa zima. Anza na sharti lililo gumu kutimia: 75, kisha 65, 45, 30, na else ibebe F.

Halafu jaribu mipakani. Usiweke 90 na 20 ukaridhika. Weka 75 kamili, kisha 74. Kama uliandika > badala ya >=, mwenye 75 atapewa B, na huyo ndiye atakayekuja kugonga mlango wa ofisi ya taaluma. Weka na 750: kidole kimeteleza, na programu yako inatoa A bila haya. Ndiyo maana mimi hutanguliza sharti la kukataa, `if alama < 0 or alama > 100`, kabla ya kugawa daraja lolote.

Hiyo or (yaani "au") nayo ina mtego wake, na sisi tunaoandikia watumiaji wa Kiswahili hutunasa mapema, kwa sababu mmoja atajibu "ndiyo" na mwingine "ndio". Basi mtu anaandika:

```
if jibu == "ndiyo" or "ndio":
    futa_faili()
```

Kwa macho ya binadamu inasomeka sawa kabisa. Kwa Python, upande wa pili kuna neno "ndio" peke yake, halilinganishwi na chochote, na neno lolote lisilo tupu huhesabiwa kuwa kweli. Mtumiaji akijibu "hapana", faili linafutwa vilevile. Rudia `jibu ==` pande zote mbili, au andika `if jibu in ["ndiyo", "ndio"]:`. Mimi huongeza pia `.strip().lower()`, inayoondoa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni na kugeuza herufi zote kuwa ndogo, mara tu ninapopokea jibu, maana simu nyingi huanza sentensi kwa herufi kubwa bila kuambiwa.