Njoo na Rula: Kwa Daktari Anayeanza Upasuaji wa Ngozi

Kila daktari mpya huniuliza swali lilelile kabla wiki ya kwanza haijaisha: nitaanza lini kukata? Namwelewa. Umesota miaka ya udaktari, ukasota tena kwenye magonjwa ya ngozi, sasa umepata nafasi ya kubobea katika saratani ya ngozi na upasuaji wa urembo, na mikono inakuwasha. Kukata utajua tu. Hata mimi mwenye mkono mzito nilijua. Kinachowashinda wengi ni kuangalia.

Anza na nyayo. Vitabu utakavyosoma vimejaa picha za wazungu wenye vidonda puani na masikioni. Visome, mbinu ni zilezile. Ila hapa Nairobi mgonjwa wa melanoma, saratani inayoanzia kwenye seli za rangi ya ngozi, mara nyingi ataingia na ugonjwa wake umefichwa ndani ya soksi, chini ya mguu au chini ya ukucha. Akisema "daktari, hii ni sugu tu", mwombe avue viatu vyote viwili. Akibisha kwamba saratani ya ngozi ni ya wazungu, mtajie Bob Marley, aliyefariki 1981 akiwa na miaka 36 kwa melanoma iliyoanzia kidole cha mguu. Huwa ananyamaza na kuanza kufungua kamba.

Wagonjwa wenye ualbino wakague kwa muda mrefu zaidi kuliko foleni inavyokuruhusu. Jiji letu liko karibu na ikweta, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai humdanganya mtu kwamba hakuna jua. Amekuja kwa kidonda cha shavu? Tazama nyuma ya masikio, midomo, shingo, mgongo wa mikono. Muulize anafanya kazi wapi na saa ngapi. Anayeuza mboga kando ya barabara tangu asubuhi anahitaji kofia pana na mwavuli pamoja na upasuaji wako, la sivyo mtaonana tena baada ya miezi michache kwa kidonda kingine.

Sasa nikupe aibu yangu. Nilikata uvimbe kwenye paji la uso la mzee mmoja, nikashona uzi upande wa juu wa kipande ili maabara wajue kipi ni kipi, nikaandika kwenye fomu: "uzi uko saa sita". Kwangu saa sita ni mshale ukielekea juu, adhuhuri, kama alivyonifundisha nyanya. Aliyepokea fomu alisoma sita ya kwenye uso wa saa, yaani chini. Majibu yakarudi: saratani imebaki upande wa nyusi. Nilikuwa nimeshaanza kumwandaa mzee kwa kukatwa tena upande huo, nikampigia simu mtaalamu wa patholojia kuuliza jambo jingine kabisa, ndipo tukagundua kipande kilisomwa kichwa chini. Saratani ilikuwa imebaki upande wa nywele. Tangu siku hiyo siandiki saa. Naandika "kichwani", "sikioni", "puani", nachora uso kwenye fomu, na ikiwezekana nakibeba kipande mwenyewe hadi maabara.

Ndiyo maana nakusihi usikimbie hadubini. Frederic Mohs, aliyeanza mbinu yake Wisconsin miaka ya 1930, aliona kwamba anayekata ndiye anayepaswa kusoma slaidi. Kipande cha kawaida husomwa kama mkate uliokatwa slesi: unatazama chache, na saratani inaweza kujificha katikati ya slesi mbili. Kwa njia ya Mohs kingo zote na sehemu ya chini hulazwa bapa na kusomwa, kisha unarudi kukata pale tu palipobaki ugonjwa. Hata usipokuwa na vifaa vyake, fikiri hivyo.

Upande wa urembo nitakwenda haraka, maana huko kila mtu ana hamu. Kabla ya kumchana mtu, tazama matundu ya hereni, kifua na mabega. Akiwa na keloidi moja, yaani kovu lililovimba kupita jeraha lenyewe, mwambie ukweli kabla hajalipa. Muulize kuhusu mkorogo, kwa upole na mlango ukiwa umefungwa. Kwa leza, ngozi zetu nyingi hustahimili zaidi leza aina ya Nd:YAG ya nanomita 1,064 kuliko zile za mawimbi mafupi, ambazo nishati yake humezwa na rangi ya ngozi na kuichoma. Na usifungue bomba la fila, ile dawa ya kujazia uso, kama hyaluronidase ya kuiyeyusha haipo kwenye droo. Fila ikiziba mshipa wa damu karibu na pua au kati ya nyusi, mtu anaweza kupofuka.

Ganzi ipigie hesabu kwa kalamu. Lidokaini yenye adrenalini mwisho wake ni miligramu 7 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 hapiti 420, yaani mililita 42 za asilimia 1, au 21 tu ikiwa chupa ni ya asilimia 2. Soma chupa, usimwamini aliyekukabidhi.

Jumatatu njoo na rula ya plastiki na kalamu ya kuchorea ngozi. Kasinoma ndogo ya seli za msingi, aina mojawapo ya saratani ya ngozi, tunaikata pamoja na milimita 4 za ngozi nzima pembeni, na utashangaa jinsi jicho linavyodanganya milimita 4. Kisha piga picha, kabla ya sindano. Visu tunavyo.