Mnaokwenda Hispania na baiskeli, milima ya León haitaki mbio

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliyeko Muscat aliniandikia: "Kaka, nimeona picha zako za Cebreiro. Na mimi nimekata tiketi ya Septemba, tunakwenda kundi zima na baiskeli za milimani. Nijiandae vipi?" Nilianza kumjibu kwa kifupi, jibu likazidi kurefuka, nikaona bora niliweke hapa tulisome wote. Najua wengi wenu mna hamu hiyohiyo. Msio nayo, itawapata mkishaiona ile milima.

Tuelewane kwanza ni wapi. Nazungumzia kipande cha Camino de Santiago, njia ya mahujaji wa Kikristo inayokatiza kaskazini mwa Hispania hadi kanisa kuu la Santiago de Compostela. Njia nzima, ukianzia upande wa Ufaransa, ni kama kilomita 780, na katikati yake kuna tambarare ndefu ya mashamba ya ngano ambayo siipotezei maneno. Utamu unaanzia Astorga, mji wa mkoa wa León wenye kuta za Kirumi, hadi O Cebreiro, mlangoni mwa jimbo la Galicia. Hapo ndipo penye milima, vijiji vya mawe, ngome na njia za kukutoa jasho. Mimi ni Mwislamu, sikwenda kuhiji. Nilikwenda kuendesha na kutazama, na hakuna aliyeniuliza dini yangu.

Nimezaliwa Lushoto. Mtoto wa Usambara hatishwi na mlima, ila kwa sasa naishi Rotterdam, ambako kilima kirefu ninachopanda ni daraja. Kwa hiyo nilijiunga na kundi la waendeshaji wa huku ninakoishi, watu wenye baiskeli za bei mbaya na saa za kupima mapigo ya moyo. Kiongozi wao sitamtaja. Anajijua.

Asubuhi ile Astorga nikasema nataka kuingia kwenye jumba la askofu lililosanifiwa na Gaudí, yule msanifu majengo maarufu wa Hispania, lile lililoanza kujengwa mwaka 1889 likamalizika 1913. Ndani yake siku hizi ni makumbusho ya njia za mahujaji. Kiongozi akanijibu mbele ya wote kwamba hii si ziara ya shule, na anayetaka kutazama majengo akodi basi. Wengine wakacheka. Nilipotoka ndani niliwakuta hawapo, nikaona ujumbe kwenye simu: tutaonana Ponferrada, mji ulio ng'ambo ya mlima. Hawakuwa wameniachia hata ramani ya njia waliyochagua. Mpaka leo hakuna aliyenitamkia pole.

Lakini nisikilize. Juu ya mlima unaofuata kuna Cruz de Ferro, msalaba mdogo wa chuma ulio kwenye nguzo ndefu ya mti, ambao kila mwendesha baiskeli wa Camino lazima apige nao picha. Msalaba wenyewe wa asili umehifadhiwa Astorga, ndani ya makumbusho yale yale. Ulioko mlimani ni nakala. Wenzangu walipanda kutwa nzima kwenda kupiga picha na nakala, na ule halisi waliupita asubuhi mjini wakiwa wananicheka. Nilipolijua hilo niliendesha kwa raha ambayo siwezi kuieleza.

Mpando wenyewe si wa kutisha. Astorga iko kama mita 870 juu ya usawa wa bahari, Rabanal del Camino 1,150 hivi, na kilomita zote hizo za mwanzo zinapanda polepole mno. Mlima unaanza kuonekana ni mlima baada ya Rabanal, ukielekea Foncebadón, kijiji kilichokuwa karibu kubaki gofu tupu kabla mahujaji hawajakifufua. Ushauri wangu hapa ni mmoja: weka gia ndogo kabla hujaihitaji. Ukisubiri mpaka miguu ikaze ndipo ubadilishe, mnyororo utalia na utashuka kusukuma.

Kule juu penye msalaba kuna rundo kubwa la mawe. Desturi ni mtu kuja na jiwe kutoka kwao na kuliacha pale. Nilikuta mawe yenye majina, picha za marehemu, viatu vya mtoto. Jamani, usipandishe baiskeli juu ya rundo lile ili upate picha nzuri. Nimeona kwa macho yangu mtu akifanya hivyo. Watu wameacha vilio vyao pale, wewe unapaka matope ya tairi.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Kila mtu atakutisha kwa habari za kupanda, ila kinachoumiza watu kwenye kipande hiki ni kushuka. Kutoka Cruz de Ferro, takriban mita 1,500, hadi Molinaseca, chini kidogo ya mita 600, unateremka kama mita 900 ndani ya kilomita zisizofika 20. Njia ya waenda kwa miguu imejaa mawe meusi bapa yaliyochomoza kwa ubavu, mengine yanacheza ukiyakanyaga, na yakilowa yanateleza vibaya. Katikati ya hayo kuna wazee wa watu na fimbo zao ambao hawakusikii ukija. Ukitoka kijiji cha El Acebo utaona kumbukumbu yenye baiskeli ya chuma, ya mwendeshaji Mjerumani aliyefariki akiwa safarini kwenda Santiago. Nilisimama pale. Kila mwenye baiskeli asimame pale.

Usikamate breki mfululizo. Kamata, achia, kamata tena, diski zipate kupoa. Teremsha siti, rudisha makalio nyuma, tazama mbele mita kadhaa na si gurudumu lako. Kama mvua imenyesha au huna mazoea ya mawe, barabara ya lami ya LE-142 inakwenda sambamba na njia, ishike bila aibu. Na beba pedi za breki za akiba. Nalisisitiza hili kwa sababu yake: karibu na Molinaseca nilimkuta mmoja wa wale walionicheka Astorga, amekaa kando ya njia, kiwiko kinavuja damu, breki ya nyuma imekwisha kabisa. Wenzake walikuwa wametangulia. Nilimtolea pedi zangu, nikamsaidia kuzifunga, nikamwosha kidonda. Sikumsema hata neno moja. Nadhani uso wangu ulisema wenyewe.

Ponferrada ina ngome ambayo mfalme Fernando wa Pili wa León aliwapa watawa wapiganaji wa Templar mwaka 1178. Waliijenga na kuipanua mpaka shirika lao lilipovunjwa na Papa mwaka 1312. Mwaka 2014 mji huohuo uliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Basi kundi langu lilijua habari za 2014 peke yake. Hapo ndipo tulipoachana rasmi. Wao walitaka kusonga mbele alfajiri, mimi nikasema ninageuka kusini magharibi kwenda Las Médulas. Wakaniambia nitapoteza wastani wa kilomita zangu za siku. Nikawaambia wautunze wao.

Las Médulas ndiko ninakotaka uende hata ukiacha mengine yote. Ni milima myekundu iliyovunjwavunjwa, ncha kwa ncha, na iliyoivunja ni kazi ya watu. Warumi walikuwa wanatafuta dhahabu iliyotawanyika ndani ya udongo. Walichimba mapango ndani ya kilima, kisha wakafungulia maji mengi kwa mkupuo mpaka kilima kizima kikaporomoka, halafu wakaosha tope na kuokota dhahabu. Plinio Mkubwa, mwandishi wa Kirumi, aliieleza mbinu hiyo katika karne ya kwanza. Maji yenyewe yaliletwa kwa mifereji iliyochongwa kwenye miamba ya milima ya jirani, ukiijumlisha ni zaidi ya kilomita 100, kwa mwinamo mdogo sana ili yasikimbie. Baadhi ya mifereji hiyo bado inaonekana, na kuna sehemu watu wanaitembelea. UNESCO iliiingiza machimbo haya kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Panda hadi kibanda cha kutazamia cha Orellán ukiwa na maji ya kutosha, maana mpando ni mkali na kivuli ni haba.

Agosti 2025 moto wa msituni ulipita huko na kuunguza miti mingi, hata michesnati, miti ya njugu za kuchoma, ya zamani. Kwa hiyo kabla hujaelekeza usukani uliza mjini ni njia gani ziko wazi, na ukikuta kamba imefungwa usiivuke. Kiangazi kikali kikiingia mimi nisingekwenda kabisa, ningechagua Mei, Juni au hiyo Septemba yako.

Ndugu zangu, mtu anayekuacha nyuma kwa sababu umesimama kutazama kitu chenye miaka elfu mbili, huyo atakuacha hata ukivunjika mguu. Mwulizeni kiongozi wenu kabla ya safari: akichelewa mmoja tunafanyaje? Akicheka, tafuta kundi lingine. Vijana wa siku hizi tunaabudu wastani. Unarudi nyumbani na namba kwenye simu, mtoto akikuuliza Hispania kukoje, unamwonesha namba. Na sisi tuliotoka mbali tuna tabia ya kujikaza kupita kiasi ili tusionekane wazembe mbele ya wenyeji wa mchezo. Wacha. Umelipia viza, umelipia tiketi, umelipia baiskeli. Simama utazame.

Kuhusu chakula, mdogo wangu, jihadhari. Nguruwe yuko kila mahali, hata ndani ya supu ya mboga ya Galicia, wanayoipika kwa mafuta yake. Jifunze kusema "sin cerdo". Tegemea mkate, samaki wa kopo, matunda, na ile kimanda nene ya viazi wanayoiita tortilla, ambayo mara nyingi haina nyama, lakini uliza. Kula kabla njaa haijauma. Vaa helmeti, nje ya miji sheria ya huko inakulazimisha. Kwenye malazi mengi ya umma ya mahujaji anayetembea kwa miguu hupewa kitanda kwanza, mwenye baiskeli husubiri, kwa hiyo usifike ukidai. Ukitaka cheti cha Santiago, kwa baiskeli unapaswa kukamilisha angalau kilomita 200 za mwisho, ndiyo maana wengi huanzia Ponferrada.

Nikarudi kwenye Camino, na mji unaofuata, Villafranca, nilipita haraka. Baada ya kijiji cha Las Herrerías utaona alama barabarani inayowatenga waenda kwa miguu na baiskeli. Fuata ya baiskeli, ya lami. Ile nyingine inapita La Faba kwa mawe na matope, utaibeba baiskeli mgongoni. Unapanda kutoka karibu mita 700 hadi 1,300 kwa kilomita chache tu, na mimi niliimaliza bila kuweka mguu chini, gia ya mwisho, nimekaa kwenye siti, nahesabu pumzi. Nilijivuna, na nitaendelea kujivuna. O Cebreiro kuna nyumba za zamani za mawe, za duara, zimeezekwa nyasi, nikadhani nimeona msonge wa kwetu. Paroko wa hapo, Elías Valiña, ndiye aliyeanza kuchora ile mishale ya njano inayoongoza watu hadi Santiago.

Usifikie uamuzi kwamba umemaliza kupanda, ndugu yangu. Mbele kidogo iko Alto do Poio, mita 1,335, juu kuliko Cebreiro yenyewe, na kwa aliyeshika njia ya miguu mita zake za mwisho zinasimama wima. Bakiza ndizi moja mfukoni.